Ziwa la Mama, Jukumu la Nyumba Nzima



Himdi na shukrani zote zamstahiki Allah Subhanahu wa Taala, aliyemuumba mwanadamu tumboni mwa mama yake na kumwandalia riziki kifuani mwa mama huyo kabla hajatokeza duniani. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake wote.

Mpenzi msomaji, mlango wetu wa wiki hii ni wa mama anyonyeshaye. Katika darsa za wanawake na katika ziara za kuwaangalia wazazi, kuna maneno yasemwayo mbele ya wageni na kuna yale yabakiayo chumbani. Mgeni akiingia huambiwa, "Alhamdulillah, mtoto anyonya vizuri." Mgeni akiondoka, mama hujifuta machozi kwa ncha ya leso. Mmoja ana vidonda, mwengine ameambiwa hana maziwa, mwengine anahesabu siku za kurudi kazini. Kila mmoja wao adhani kwamba kasoro iko kwake peke yake na kwamba wanawake wengine wote wanyonyesha kwa raha.

Tutasimulia hali za baadhi ya mama hao bila ya kuwataja majina. Kisha tutatazama dini yetu imesema nini juu ya kunyonyesha, na imesema na nani. Kwani wengi wetu twazijua aya za kunyonyesha kama amri kwa mama, tukasahau kwamba sehemu kubwa ya maneno yake yamwelekea baba na wale wanaomzunguka.

Maumivu yanayofichwa

Mama mmoja kijana wa Mji wa Kale, Mombasa, alijifungua mtoto wake wa kwanza salama. Kufikia siku ya nne chuchu zake zilikuwa zimechanika. Kila mtoto alipolia kwa njaa, mama alianza kutetemeka kabla hajampokea. Waliomzunguka walimwambia kwa huruma, "Vumilia mwanangu, sote tulipitia." Yalikuwa ni maneno ya kuliwaza, lakini hayakuwa na dawa ndani yake. Siku ya tisa akaja mkunga mmoja mstaafu kumpa mkono wa kheri. Badala ya kumtazama mtoto usoni kama wageni wengine, alikaa kitako akaangalia jinsi anavyonyonya. Akaomba mto, akamwinua mtoto, akamgeuza ubavu. Vidonda vilianza kukauka baada ya siku chache.

Aliyoyafanya mkunga yule kila nyumba yaweza kujifunza. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama, na kichwa chake na mwili wake vinyooke mstari mmoja, asigeuze shingo ili anyonye. Mama asimwinamie mtoto. Mtoto ndiye aletwe kwenye ziwa, na mgongo wa mama upate cha kuegemea. Asubiriwe mpaka afungue kinywa wazi kama apigaye mwayo, ndipo awekwe, hata weusi unaoizunguka chuchu uingie kinywani kwa sehemu kubwa. Kidevu chake kiguse ziwa na mdomo wake wa chini ubinuke kwa nje. Mtoto ashikaye chuchu peke yake humuumiza mama, naye mwenyewe hapati maziwa ya kutosha. Ikiwa ameshika vibaya, asivutwe kwa nguvu. Mama atie kidole safi pembeni mwa kinywa chake ili aachie, kisha aanze upya.

Uchungu kidogo mtoto anapoanza kunyonya katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Uchungu unaoendelea tangu mwanzo mpaka mwisho wa kunyonya, au chuchu zinazotoka damu, ni alama ya kwamba kuna jambo la kurekebishwa. Subira ni ibada, lakini haituzuii kutafuta sababu ya maumivu na kuiondoa.

"Mtoto huyu hashibi"

Mama wa pili ni wa Kisauni, aliyejifungua kwa upasuaji. Siku ya pili mavyaa wake alimkamua ziwa akaona matone machache ya manjano. Akasema, "Maziwa hayajashuka, mtoto huyu hashibi." Mtoto akapewa maji ya sukari kwa kijiko, kisha maziwa ya kopo kwa chupa. Haikupita wiki mbili, mtoto akawa akiwekwa ziwani hulia na kugeuza uso, nayo maziwa ya mama yakapungua kweli. Mavyaa yule hakuwa na nia mbaya. Alimpenda mjukuu wake na aliogopa. Lakini hofu yake ilileta kile kile alichokuwa akikihofia.

Yale matone ya manjano ndiyo dang'a. Ni machache kwa kuwa tumbo la mtoto siku ya kwanza ni dogo mno, na ni mazito kwa kuwa yamejaa kinga dhidi ya maradhi. Maziwa mengi hushuka kwa kawaida baina ya siku ya pili na ya tano, na kwa mama aliyepasuliwa huweza kukawia kidogo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto awekwe ziwani ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vyengine mpaka miaka 2 na zaidi.

Na hapa wenye madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika mwambao wetu, wana jambo la kujivunia. Imamu Nawawi, katika kitabu chake Minhaj at-Talibin, ameeleza kwamba ni wajibu wa mama kumnyonyesha mtoto wake maziwa ya kwanza, yaitwayo kwa Kiarabu libaa. Hayo ndiyo dang'a. Baada ya hapo, akipatikana mwanamke mwengine wa kumnyonyesha, mama halazimishwi. Wanazuoni walitoa sababu kwamba aghlabu mtoto haishi bila ya maziwa hayo. Wala hawakuwa na maabara wala darubini. Basi tukiona mtu ayakamua na kuyamwaga kwa kudhani ni machafu, tumwambie kwamba hata vitabu vyetu vya fiqhi vyamkataza.

Baada ya siku za mwanzo, maziwa huenda kwa mahitaji. Mtoto anyonyapo na ziwa likapungua, mwili hupokea habari kwamba yahitajika mengine, nao hutengeneza. Kila chupa inayompunguzia mtoto hamu ya kunyonya hupunguza na habari hiyo. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, na ziko siku hutaka ziwa kila saa, hasa jioni. Hilo halina maana ya kwamba maziwa yamekwisha. Huenda yuajiongezea akiba kwa ajili ya kukua kwake.

Twajuaje basi kwamba ameshiba? Tusimpime kwa kilio, wala kwa ulaini wa ziwa la mama. Tuangalie nepi: baada ya siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo wake huwa haukukoza rangi. Tuangalie mizani: watoto wengi hupungua uzito kidogo siku za kwanza, kisha huurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki 2 hivi. Nepi na mizani hazina wasiwasi kama tulionao sisi.

Wengine humpa mtoto maji kwa sababu ya joto letu la kaskazi. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji mengine hata katika nchi ya joto. Ahitajiye maji ni mama. Ama asali, haifai kupewa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwani yaweza kubeba vijidudu visivyomdhuru mkubwa lakini humlegeza mtoto viungo na hata kuhatarisha maisha yake. Atakaye kuihuisha sunna ya tahniki na afanye kwa tende iliyolainishwa, kidogo sana, tena mikono ikiwa safi.

Si kwamba nchi yetu haijapiga hatua. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ni asilimia 13 tu ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2014 ikafika asilimia 61. Lakini uchunguzi wa 2022 ulionyesha asilimia 60, yaani kwa miaka minane tulikuwa pale pale. Waliobaki hawakosi kuambiwa faida za kunyonyesha. Wameziona zimebandikwa katika kuta za kila kliniki. Wanalolikosa ni mtu wa kuwasaidia.

Khofu ya kubemenda

Liko jambo ambalo mama huona haya kuliuliza. Kwetu pwani, mtoto akikonda au akichelewa kusimama, huvumishwa kwamba wazazi wamembemenda, kwa kuwa walikutana kabla hajaachishwa ziwa. Mama mmoja alituambia kwamba alimwachisha mtoto wake wa miezi minane ili amrudie mumewe pasi na lawama za wifi zake. Mtoto akakonda kwa kukosa ziwa, na lawama zikaja vile vile.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Judama binti Wahb (RA) kwamba Mtume (SAW) aliwahi kufikiria kukataza jambo hilo, ambalo Waarabu waliliita ghila. Kisha akawatazama Warumi na Wafursi, akaona kwamba wao hulifanya na watoto wao hawadhuriki, basi hakulikataza. Tutazame uzuri wa mwenendo huu: hofu ilikuwa mashuhuri kwa watu, naye akaipima kwa hali ilivyo kweli. Mtoto anayekonda apelekwe kliniki apimwe, atafutiwe sababu. Mama yake asivunjiwe heshima. Na anayehofia mimba ya haraka aulize wauguzi juu ya njia za kupanga zisizopunguza maziwa, kwani zipo.

Maziwa kifuani, mtoto ng'ambo

Mama wa tatu anaishi Likoni na kazi yake iko kisiwani Mombasa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Miezi 3 ni nusu ya ile 6. Mama huyu alirudi kazini, na kila adhuhuri maziwa yalimjaa, yakamrowesha buibui. Mahali pa pekee alipopata kujisitiri ni chooni, akawa anakamua na kuyamwaga. Jioni, akisimama katika kivuko pamoja na umati, alikuwa akikunja mikono kifuani asije akagongwa. Baada ya mwezi mmoja akapata homa, na ziwa moja likavimba na kuwaka moto.

Ni vyema akina mama wajue, na waajiri wajue, kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali safi na pa faragha pa kunyonyesha au kukamulia, ambapo si chooni. Yamtaka pia ampe mama nafasi ya kufanya hivyo mbali na muda wa chakula, jumla isizidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Wenye maduka na madrasa zetu wasiseme kwamba hayo ni ya makampuni makubwa. Pazia, kiti na robo saa havimfilisi mtu.

Imepokewa katika vitabu vya historia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (RA) alikuwa amewawekea watoto fungu katika Baitul Mali, lakini hulipata pindi wanapoachishwa ziwa. Usiku mmoja, akiulinda msafara pamoja na Abdurrahman bin Awf (RA), akasikia mtoto akilia na kulia. Akamwendea mama yake mara baada ya mara, asijulikane ni nani. Mama akaeleza kwamba yuamwachisha kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hawapi fungu wanaonyonya. Inasimuliwa kwamba alfajiri ile watu hawakuweza kukisikia vyema kisomo chake kwa kilio. Kisha akatangaza kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, na kwamba kila mtoto wa Kiislamu atapata fungu lake tangu kuzaliwa. Kiongozi aliona kwamba kanuni yake ndiyo inayomnyima mtoto ziwa, akaibadili kanuni. Hakumlaumu mama.

Kwa mama anayerudi kazini, aanze kujizoeza kukamua wiki 2 kabla. Maziwa yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Katika joto lisilozidi nyuzi 25 hukaa saa 4, lakini joto la pwani mara nyingi hupita hapo, hivyo yatumike mapema au yatiwe katika friji, ambamo hukaa mpaka siku 4. Yakitakiwa, chombo kiwekwe ndani ya maji ya vuguvugu, yasichemshwe. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo, ambacho huosheka kwa urahisi kuliko chupa na hakimsahaulishi ziwa.

Maziwa yasipotosha kweli

Yuko pia mama wa nne, na yeye ndiye tunayemhofia zaidi. Alitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Alimweka mtoto ziwani usiku na mchana, akanywa uji wa pilipili manga, akala uwatu na supu, akafuata kila alilofundishwa na wauguzi. Mizani haikupanda. Daktari akaamua mtoto aongezewe maziwa ya kopo. Akasikia jamaa akisema uani kwamba mtoto wa chupa hampendi mama yake. Akaacha kula, na akawa halali hata mtoto alipolala.

Dada yangu mwenye hali kama hii, sikiliza. Ni kweli kwamba mama wengi wanaodhani hawana maziwa huwa nayo. Lakini wako wachache ambao mwili wao, kwa sababu ya kutokwa na damu nyingi, maradhi ya tezi, upasuaji wa ziwa au sababu nyengine, hautoi ya kutosha. Hilo halikutokana na uvivu wao wala si adhabu. Mtume wetu (SAW) alinyonyeshwa na Thuwayba, kisha na Bi Halima wa Bani Saad. Hakuna Muislamu athubutuye kusema kwamba Bi Amina hakuwa mama kamili. Allah (SW) mwenyewe ameruhusu katika Qur'ani mtoto anyonyeshwe na mwengine.

Maziwa ya kopo yakihitajika kwa ushauri wa daktari, yatumike kwa uangalifu: maji yaliyochemshwa, kipimo kile kile kilichoandikwa katika kopo, na vyombo vilivyosafishwa barabara. Kuyazimua kwa maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi humdhoofisha mtoto. Hata maziwa machache ya mama yasidharauliwe. Yaendelee kutolewa pamoja na hayo. Na ikiwa jamaa au jirani atamnyonyesha mtoto, iandikwe ni nani na mara ngapi, kwani kwa madhehebu ya Shafi unyonyeshaji wa mara tano kamili ndani ya miaka miwili humfanya kuwa mama yake wa ziwa, na watoto wake kuwa ndugu zake wasiooana naye. Mambo ya namna hii yasipoandikwa, hujitokeza siku ya posa.

Huzuni iliyompata mama huyu nayo ina jina na ina tiba. Mama anayelia kila siku kwa zaidi ya wiki 2 baada ya kuzaa, asiyependezwa na chochote, au anayejiwa na fikra za kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni mgonjwa kama mwenye homa. Huo hauwi upungufu wa imani yake. Dua isomwe, na daktari aonwe, yote mawili kwa pamoja.

Aya yasema na nani?

Sasa tufungue Suratul Baqara, aya ya 233. Aya yaanza kwa kuwataja akina mama na miaka miwili kamili, kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Mara hapo hapo yamgeukia baba: chakula chao na mavazi yao ni juu yake, kwa wema. Kisha yaweka mpaka: hakuna nafsi ikalifishwayo zaidi ya uwezo wake, na mama asitiwe dhara kwa sababu ya mtoto wake, wala baba. Yaendelea kutaja kwamba mrithi naye ana wajibu kama huo, yaani hata baba akiwa hayupo, jukumu halimwangukii mama peke yake. Wakitaka kumwachisha kabla ya miaka miwili, iwe kwa kuridhiana na kushauriana, nao hawana lawama. Na wakitaka kumpa mnyonyeshaji mwengine hawana lawama pia, maadamu watampa haki yake. Katika Suratut Talaq, aya ya 6, hata mke aliyeachwa, akimnyonyesha mtoto, alipwe ujira wake.

Ni nani basi katika nyumba zetu aliyepewa idhini ya kulaumu, ikiwa Mola mwenyewe ameiondoa lawama?

Tukumbuke pia kisa cha mama yake Nabii Musa (AS) katika Suratul Qasas. Jambo la kwanza aliloamrishwa, Firauni akiwa anachinja watoto, ni kumnyonyesha. Alipomtia mtoni moyo wake ukawa mtupu. Allah (SW) akamzuilia mtoto wanyonyeshaji wengine wote mpaka akarudishwa kwake, na ikatajwa sababu: ili jicho lake litulie wala asihuzunike. Utulivu wa mama ulikuwa na uzito mbele ya Mola wa viumbe wote. Vipi usiwe na uzito mbele ya mume na mavyaa?

Hata saumu ya Ramadhani imelegezwa kwa ajili yake. Mama anyonyeshaye akihofia afya yake, au yake na ya mtoto, afungue na atalipa siku zile. Akihofia mtoto peke yake, kwa madhehebu ya Shafi atalipa pamoja na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Ikiwa nguzo ya dini yampisha, na kufua nguo na kupika chakula cha wageni na vimpishe pia.

Nyumba ifanye nini

Arobaini ya wazee wetu ilikuwa na hekima. Mzazi alirudi kwao, akakandwa kwa maji moto, akapikiwa, na kazi yake ikawa ni moja: mtoto. Leo wengi wanajifungua Jumatatu na kurudi Jumatano katika chumba cha kupanga, hakuna mama wala shangazi. Basi tugawane kazi ile iliyokuwa ya ukoo.

Baba: mshahara wako haujamaliza wajibu. Usiku mtoto akiamka, wewe mwinue umpeleke kwa mama yake, kisha umbadilishe nepi na kumbembeleza alale. Mpe mkeo maji kila anapoketi kunyonyesha. Na jamaa zako wakisema neno la kumvunja moyo, wewe ndiye wa kuwajibu, kwa adabu, kwani ni jamaa zako.

Mavyaa na mama mzazi: mna ujuzi ambao hospitali hazina. Uji, mafuta ya kukandia, mikono yenu ya kumpokea mtoto baada ya kunyonya ili mama alale saa mbili, hivyo vyaongeza maziwa. Swali la "kwani huna maziwa?" halijawahi kuongeza hata tone.

Wifi, shoga na jirani: ukienda kuona mtoto, nenda na sufuria ya chakula. Kaa muda mfupi. Osha vyombo kabla ya kuondoka.

Na sote tujue wakati wa kumkimbiza mtu hospitali. Mtoto anayelala mno hata haamki kunyonya, asiyekojoa, mwenye manjano yanayozidi machoni na mwilini, au mwenye homa, asingojee asubuhi. Mama ambaye ziwa lake lina uvimbe mwekundu wenye moto, pamoja na homa na baridi ya mwili, aendelee kunyonyesha au kukamua, kwani maziwa yake hayamdhuru mtoto, lakini amwone daktari siku hiyo hiyo. Yule mama wa Likoni alitibiwa, akapona, na mtoto wake akaendelea kunyonya.

Twamuomba Allah (SW) awape shifaa mama wanaonyonyesha kwa maumivu, awabariki wenye maziwa machache kwa kile walichonacho, awatie nuru machoni watoto wetu, na awajaalie waume na wazee wetu kuwa ni wenye kusaidia wala si wenye kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.